Fundi wa Pampu
Asiyejua kubadilisha mpira wa mfereji wa jikoni mwake na ajifunze leo. Funga maji kwenye mita, fungua kichwa cha mfereji kwa spana, toa mpira ulioliwa, tia mpya. Kumwita fundi kwa hilo ni kuchezea pesa. Ila huku Kitui na Makueni wengi wetu maji yetu ni ya kisima, na kisima chenye pampu ya mkono ni cha kijiji kizima. Hapo namtetea fundi.

Pampu aina ya Afridev, iliyobuniwa miaka ya 1980 na kufanyiwa majaribio Kwale, ilikusudiwa wanakijiji waitengeneze wenyewe, kina mama wakiwemo. Spana moja yatosha. Nia njema kabisa. Lakini mtazame anayeijua kweli. Kabla hajagusa spana, anapiga mkono wa pampu mara kadhaa, ametega sikio. Mkono ukiwa mwepesi na maji hayaji, huenda vyuma vimeachana huko chini. Maji yakichelewa asubuhi, valvu ya chini imevuja usiku kucha. Mkono ukiyumba kando, bushi zimekwisha. Ndipo anafungua kifuniko na kuvuta vyuma kimoja kimoja, akivinasua kwenye ndoano zake, huku mkono wa pili umekamata kilichobaki kisimani, maana kikiponyoka hapo, kazi ya saa chache inakuwa ya kutwa. Mwisho inatoka pistoni. Anapitisha kidole gumba kwenye mpira wake: mchanga umeula upande mmoja. Kwa sababu ya kijipira hicho cha kufumbatwa kiganjani, watu wamerudi kufukua maji kwenye mchanga wa mto Tiva.

Kamati za maji zilifundishwa, ni kweli. Ila pampu isipoharibika mwaka mzima, mkono unasahau. Na aliyefundishwa pengine ameshahamia Nairobi. Sisi Wakamba tuna mwethya, kazi yetu ya pamoja, na kwa mwethya tumejenga mabwawa ya mchanga ya kujivunia. Kubeba mawe tunaweza sote. Kuisikiliza valvu kunataka mtu anayeisikiliza kila wiki.

Kyuso, huku Kitui, ilitupa ushahidi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa kwenye mikono ya pampu, vikawa vinatuma habari kwa mtandao wa simu. Pampu ikinyamaza, fundi anatumwa. Muda wa kungoja matengenezo ulishuka kutoka takribani siku 27 hadi chini ya 3. Wengi husifu kile kifaa. Mimi namsifu aliyefika na vipuri mkobani, mwenye ujira wa uhakika.

Baadaye ilizaliwa FundiFix, huduma ya matengenezo ya pampu, inayohudumia Kitui na Kwale kwa malipo ya mara kwa mara hata pampu ikiwa nzima. Kulipia pampu isiyoharibika huwauma wengi, nawaelewa. Lakini pesa hizo ndizo humfanya fundi abaki fundi, asikimbilie mjengo mjini, na kaunti hizo mbili za Kitui na Kwale zingefaa kuziongezea fungu kwenye bajeti kila mwaka.