Sifa za Fundi wa Simu za Ofisini

Ofisi ndogo ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam haina haja ya makuu. Inataka mteja akipiga namba moja tu, apokewe na mtu anayejua mzigo wake umefika wapi bandarini. Fundi ninayemsifu hapa huelewa hilo kabla hajafungua boksi hata moja. Huketi na wenye ofisi akauliza: asubuhi nani anawahi kufika? Mhasibu akienda benki, simu yake iite kwa nani? Wawili wakiwa wanaongea na wa tatu akapiga, asubiri au ahamishiwe? Majibu hayo ndiyo mfumo wenyewe. Waya ni kazi ya mchana mmoja.

Utaalamu huu umeweza kufika ofisi za namna hii kwa sababu mwaka 1999, huko Alabama, Marekani, kijana Mark Spencer alishindwa bei ya mtambo wa simu kwa kampuni yake changa. Akaandika programu yake ya kufanya kazi ya mtambo huo, Asterisk, kisha akaigawa bure pamoja na msimbo wake. Leo hata kompyuta ndogo kabisa inaiendesha.

Sauti nayo ina adabu zake. Kwa kawaida kila sekunde ya maongezi hukatwa vipande 50 vinavyosafiri mtandaoni, navyo visipofika kwa mpangilio, maneno hukatakata. Simu nne kwa pamoja hazimalizi hata nusu megabiti kwa sekunde, lakini mtu mmoja akianza kupakia mafaili makubwa, vipande hivyo hukwama foleni. Fundi hodari huiamuru ruta itangulize sauti, mafaili yasubiri.

Na umeme! Simu za zamani zilipata umeme kwenye waya wa kampuni ya simu. Hizi za mtandao hazina bahati hiyo. Kwa hiyo fundi huzilisha zote kutoka kwenye swichi, kupitia waya uleule wa mtandao, kisha swichi, ruta na seva akaziweka kwenye betri ya akiba. Umeme ukikatika, mteja hajui.

Kinachonivutia zaidi ni kazi asiyoiona mtu. Wezi hukisia nywila dhaifu, wakapiga simu za nje ya nchi usiku kucha, na bili ikamwangukia mwenye ofisi. Fundi mwaminifu huweka nywila ndefu kwa kila simu, akafunga njia za nchi ambazo ofisi haina biashara nazo, na funguo zote akamkabidhi mwenye ofisi.