Dakika Moja Nzima

Tulipopiga hodi, bibi alikuwa ameshapasha mafuta ya mawese amchue mjukuu wake kifua. Mtoto alikuwa wa miezi tisa, amekohoa usiku kucha. Mama yake alikuwa amemweka begani, macho yamemwiva kwa kukesha. Mhudumu wa afya niliyefuatana naye hakugusa begi lake. Alimwamkia bibi shikamoo, akaongeza "mwakeye" ya Kiha, akauliza habari za shamba, akakaa kwenye kigoda alichopewa.

Kisha akaomba mtoto apakatwe, afunguliwe shati, atulizwe. Mtoto anayelia hahesabiwi, wala anayenyonya. Tukasubiri. Alipotulia, mhudumu alivua saa yake ya mkononi, akaishika karibu na tumbo la mtoto ili aone kwa pamoja mshale wa sekunde na ile ngozi inayopanda na kushuka chini ya mbavu. Akahesabu kwa midomo, bila sauti. Katikati mtoto akajigeuza. Akaanza upya, tangu moja. Angeweza kuhesabu nusu dakika akazidisha kwa mbili, lakini pumzi za mtoto mdogo hazina mwendo mmoja: zitakwenda mbio, zitatua, zitaanza tena, na nusu dakika itakudanganya.

"Hamsini na sita," akasema.

Mtoto wa kuanzia miezi 2 ambaye hajatimiza mwaka akifikisha pumzi 50 kwa dakika, anapumua haraka. Akishatimiza mwaka, hadi miaka 5, kikomo ni 40. Pale nyumbani hapakuwa na kipimo cha damu wala picha ya kifua. Ile hamsini na sita peke yake ilitosha kumwahisha mtoto kituoni kabla nimonia haijamlemea. Nimewatazama waunda mitumbwi wa Ujiji wakipitisha kiganja kwenye ubao kutafuta kasoro isiyoonekana kwa jicho, na nawaheshimu sana. Ufundi wa dakika ile nauweka juu zaidi.

Katubuka, tulikopiga hodi, si kijiji cha mbali. Ni kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, na Hospitali ya Maweni iko mji huohuo. Lakini kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa kituo kuna nauli, kuna baba aliyelala ziwani, kuna bibi mwenye mafuta yake. Bibi yule hakuambiwa kwamba amekosea. Aliombwa ayaweke kando mpaka mtoto arudi, akayafunika, akamfungia mkwewe kanga.

Hekima ya namna hiyo haiandikwi kwenye daftari la mafunzo. Mhudumu wangu anaufuata mwezi kama wavuvi. Mbalamwezi ikiwaka, taa za dagaa hazivuti samaki, wanaume wanashinda nyumbani. Siku hizo ndizo anazowaendea akina baba wa nyumba zenye wajawazito kuzungumzia akiba ya nauli ya kwenda kujifungulia. Akikuta chandarua kimegeuzwa wavu wa dagaa, hafoki. Anauliza tu, "Jana watoto walilala wapi?" na kunyamaza, mpaka mwenye nyumba aanze kujieleza mwenyewe.

Subira hiyo inahitajika kwenye magonjwa mengine pia. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walifurika kijiji cha Kagunga, kipindupindu kikazuka, na meli ya Liemba ikawaleta Kigoma safari baada ya safari. Mwambao mzima unaikumbuka hofu ya kuhara ya mwaka ule. Hapo pia kinachotakiwa kwanza ni mkono wenye subira: kumnywesha mtoto mgonjwa maji yenye chumvi na sukari kwa kijiko, akitapika ngoja dakika 10, kisha kijiko kingine, taratibu zaidi. Anayekimbilia kumimina kikombe kizima huenda akapoteza maji na mgonjwa.

Januari 2024 Makamu wa Rais wa wakati huo, Philip Mpango, mwana wa Kigoma, alizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka 5. Nilifurahi, na bado nina ombi. Wapo waliozunguka nyumba hizi miaka mingi kwa kujitolea, malipo yao fulana na daftari, wakiacha vibarua vyao na vichanja vya dagaa. Kuwaacha nje leo kwa sababu ya cheti kungekuwa dhuluma, na ufundi wao tungeupoteza, maana hufundishwa kwa kufuatana mlango kwa mlango.

Siku ile ya pumzi hamsini na sita, mhudumu aliandika karatasi ya rufaa, akawasindikiza hadi kituoni, akahakikisha dozi ya kwanza imemezwa. Baada ya siku mbili tulirudi. Safari hii bibi ndiye aliyetuwahi mlangoni. Alikuwa ameshamfungua mtoto shati, amemtuliza mapajani, na mtu yeyote aliyenyanyua sauti uani alinyamazishwa. Saa ikavuliwa. Bibi hajui kusoma saa. Alitazama tumbo la mjukuu, midomo ikicheza sambamba na ya mhudumu, mpaka mshale ukamaliza mzunguko.

"Thelathini na nane, bibi."

"Na mimi nimepata hiyohiyo," akajibu.