Ng'ombe wa Kichuguu

Chini ya mwembe wetu hapa Ipuli, mjini Tabora, mjukuu wangu wa miaka sita amechuchumaa, anafinyanga ng'ombe. Udongo wake ni wa kichuguu. Ameuponda kwa jiwe, akaokota mizizi na changarawe, akaumwagia maji kidogo kidogo na kuukanda mpaka ukaacha kunata viganjani. Kiwiliwili kimekaa vizuri, miguu minne imesimama. Anabandika pembe, inadondoka. Anabandika tena, inadondoka.

"Bibi, imekataa."

"Haijakataa. Ikwaruze kwa kijiti, upake uji wa udongo, ndipo uibandike."

Ikashika. Kwa haraka ya kutaka akauke, akamwanika juani, na kabla ya adhuhuri ng'ombe alikuwa amepasuka mgongo. Jua la Tabora hukausha udongo nje kabla ya ndani. Nje pananywea, ndani bado pana maji, na hapo ndipo ufa unapoanzia. Machozi yakamlenga. Sikumfinyangia mwingine. Nilimpa bakuli la maji.

Hili ndilo linalonifanya niupende ufinyanzi. Udongo ambao haujapita motoni hauharibiki: uponde, uloweke, kesho unakandika kama jana. Mtoto hahubiriwi kwamba kushindwa si mwisho. Analishika jambo hilo kwa vidole vyake: ng'ombe anayeyuka kuwa tope, na tope linakuwa ng'ombe.

Kuanza upya kunataka subira, na mji huu ulikuzwa na watu wa subira. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipoingia hapa Novemba 1857, walikuwa wametembea kutoka pwani kwa miezi zaidi ya minne. Wapagazi wa Kinyamwezi waliikanyaga njia hiyo kwenda na kurudi, pembe za ndovu mabegani, miaka mingi kabla ya reli kufika mwaka 1912. Mabega yale hayakuzaliwa magumu; yalikomazwa. Simtakii mjukuu wangu mzigo ule. Pembe za udongo zinamtosha, maadamu zinamfundisha kuanza upya bila kuona haya.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Ng'ombe wa pili sasa yuko kivulini, kafunikwa gunia lenye unyevu, anakauka taratibu. Pembe yake moja imepinda. Niliponyoosha mkono kuirekebisha, nilizuiwa.

"Acha, Bibi. Akipasuka nitamloweka mwenyewe."