Dereva, Kadi na Bubu: Uhakiki wa Istilahi za Sauti katika Linux

Katika rasimu ya mwongozo mmoja wa kompyuta tuliyoletewa tuipitie, tulikuta sentensi hii: "Dereva wa sauti hayupo; mpakie upya." Mfasiri alikusudia kumsaidia mtu ambaye kompyuta yake itumiayo Linux haitoi sauti. Tusifanye haraka kucheka. Istilahi mbaya humpeleka fundi mahali pasipo na hitilafu.

Sauti hutegemea mambo matatu: kifaa chenyewe, programu inayokiwezesha kiini cha Linux kukitumia kifaa hicho, na vidhibiti vya ukubwa wa sauti. Programu za aina hiyo hupatikana katika ALSA, iliyoingizwa katika kiini toleo la 2.6 mwaka 2003. Amri ya lspci huorodhesha vifaa vilivyounganishwa kwa njia ya PCI. Aplay -l huorodhesha vile ambavyo ALSA imevitambua. Alsamixer huonyesha vidhibiti. Kifaa kikitajwa na amri ya kwanza kisitajwe na ya pili, aghalabu kilichokosekana ni programu.

Programu hiyo ndiyo aliyoiita "dereva". Kwetu dereva ni mtu, na upatanisho wa sarufi humfuata: hayupo, mpakie. Tunaona neno "kiendeshi" linafaa zaidi, kwani liko katika ngeli ya vitu. Lakini wengine wamekwisha kulitumia kwa mtambo uzungushao diski. Hivyo lisisimame peke yake. Litajwapo mara ya kwanza iandikwe "programu ya kiendeshi cha sauti".

Kuhusu "kadi ya sauti" hatuna ugomvi mkubwa. Zamani ilikuwa kadi hasa, ikichomekwa katika ubao mkuu. Siku hizi kompyuta nyingi zina kipande kidogo tu kilichobandikwa katika ubao huo, na mwanafunzi akifungua kompyuta kuitafuta kadi hataiona. Hata hivyo Linux yenyewe bado huhesabu kila kifaa cha sauti kuwa kadi, kuanzia namba 0. Neno libaki, ila lifafanuliwe.

Kosa kubwa zaidi ni "bubu". Chini ya kidhibiti kilichofungwa, alsamixer huandika MM, na rasimu yatafsiri: "kadi ni bubu". Bubu ni hali ya kudumu. Msomaji ataamini kuwa kifaa kimekufa, akanunue kingine. Kumbe kimenyamazishwa tu, na kubonyeza herufi M kwatosha kukifungua. "Kimenyamazishwa" humwambia msomaji kwamba kilichofungwa chaweza kufunguliwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuteua neno, mfasiri hana budi kuielewa kwanza kazi ya kitu anachokitaja. Wasomaji walio na maoni tofauti, hasa walimu wanaofundisha somo hili, tunawakaribisha watuandikie.