Jinsi Mizunguko ya Zama za Barafu Ilivyorefuka

Kipindi cha Plaistosini, kilichoanza takribani miaka milioni 2.58 iliyopita na kumalizika miaka 11,700 iliyopita, kilikuwa mfululizo wa majira marefu ya baridi, ambapo barafu ilitanda kaskazini mwa Amerika na Ulaya, yaliyopokezana na majira ya joto. Hata hivyo, mfululizo huo haukwenda kwa mwendo mmoja: hapo mwanzo baridi ilirejea kila baada ya miaka 41,000 hivi, lakini kati ya miaka milioni 1.25 na 700,000 iliyopita mzunguko ulirefuka hadi kukaribia miaka 100,000, na barafu ikawa nyingi kuliko awali.

Ushahidi wa badiliko hilo umehifadhiwa katika tope la sakafu ya bahari. Humo hupatikana magamba ya foraminifera, yaani viumbe wa seli moja ambao wengi wao hawazidi ukubwa wa chembe ya mchanga. Mtafiti huyachagua magamba hayo kwa hadubini, huyayeyusha kwa asidi, kisha hupima katika gesi inayotoka uwiano wa aina mbili za oksijeni: oksijeni-16 iliyo nyepesi na oksijeni-18 iliyo nzito. Kwa kuwa maji yenye oksijeni nyepesi huvukizwa kwa urahisi zaidi, barafu ilipokusanyika nchi kavu ilizuia sehemu kubwa ya oksijeni hiyo isirudi baharini, na magamba ya wakati huo yakabaki na oksijeni nzito kwa wingi zaidi. Umri wa tabaka nao hukadiriwa kwa alama za usumaku, hususan ile ya miaka 780,000 hivi iliyopita, wakati ncha za usumaku wa dunia zilipobadilishana nafasi.

Kipimo hicho ndicho kilichoipa nguvu nadharia ya Milutin Milankovitch, mtaalamu wa hisabati kutoka Serbia, aliyeeleza kuwa barafu hukua pale jua la kiangazi katika Kizio cha Kaskazini linapokuwa dhaifu kiasi cha kushindwa kuyeyusha theluji yote. Nguvu ya jua hilo hutegemea mwinamo wa mhimili wa dunia, unaobadilika kwa mzunguko wa miaka 41,000. Hutegemea pia kuyumba kwa mhimili huo, kwa mizunguko ya miaka 23,000 na 19,000. Vilevile hutegemea umbo la njia ya dunia kulizunguka jua, linalobadilika kwa takribani miaka 100,000. Mwaka 1976 James Hays, John Imbrie na Nicholas Shackleton walionyesha kuwa mizunguko hiyo yote imo katika mashapo yaliyochimbwa kusini mwa Bahari ya Hindi.

Hapo ndipo utata ulipozuka, kwa sababu badiliko la umbo la njia ya dunia huongeza au kupunguza mwanga wa jua kwa kiasi kidogo mno, na mizunguko ya angani yenyewe haikubadilika wakati mizunguko ya barafu iliporefuka. Chanzo, basi, hutafutwa duniani kwenyewe. Peter Clark na David Pollard walipendekeza mwaka 1998 kwamba barafu ya awali ilitambaa juu ya udongo laini, ikateleza na kubaki nyembamba. Baada ya kuukwangua udongo huo mara nyingi, ilikalia mwamba mgumu, ikanenepa na kustahimili viangazi ambavyo zamani vingeiyeyusha. Wengine hutaja kupungua kwa hewa ya ukaa angani, na maelezo hayo mawili hayapingani.

Matokeo ya barafu hiyo nene yalifika hata pwani ya Afrika Mashariki: barafu ilipofikia kilele miaka 21,000 hivi iliyopita, kina cha bahari kilishuka kwa zaidi ya mita 120, Unguja ikaungana na bara, ilhali Pemba, iliyotengwa na mkondo wenye kina kirefu, ilibaki kisiwa.

Mnamo Januari 2025 wachimbaji wa mradi wa Ulaya huko Antaktika walifikia kina cha mita 2,800, wakapata barafu yenye umri wa angalau miaka milioni 1.2, ambayo viputo vyake vya hewa vitawezesha hoja ya hewa ya ukaa kupimwa moja kwa moja. Kwa ushahidi uliopo, mwendo wa dunia angani hupanga wakati wa baridi kuja na kuondoka, lakini ukali wake na urefu wake huamuliwa na ardhi, bahari na hewa.