Kosa la Alisi na Wino Mwekundu

Mwanzoni mwa sura ya pili ya Alice's Adventures in Wonderland (1865), Alisi amekwisha kula keki na sasa anarefuka. Kichwa kinakwenda juu, miguu inabaki huko chini mpaka karibu isionekane. Hapo ndipo anapotoa neno ambalo Waingereza wanalipenda hadi leo: "curiouser". Lewis Carroll anaingilia upesi kutueleza kwamba mtoto ameshangaa mno hata akasahau Kiingereza kizuri.

Kosa lenyewe ni dogo. Kiingereza cha shule kina njia mbili za kulinganisha. Neno fupi hubandikwa mkia, "tall" likawa "taller". Neno refu hutanguliziwa "more". "Curious" lina silabi tatu, kwa hiyo haki yake ilikuwa "more". Alisi kalibandika mkia. Lakini tazama: neno linarefuka wakati uleule mwili unaporefuka. Ukilisahihisha, umemkata shingo.

Sasa mpe mtafsiri wa Kiswahili kazi hiyo. Kitabu kimeshapita mikononi mwetu zaidi ya mara moja: 1940 kilitoka kama Elisi katika Nchi ya Ajabu, kazi ya E. V. St Lo Conan Davies. 2015 kikaja Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu cha Ida Hadjivayanis, huyuhuyu aliyetuletea Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Sikusudii kuwapa maksi hapa. Nataka kulitazama fumbo walilokabidhiwa, maana sisi kivumishi chetu hakina mkia wa kulinganisha. Tunasema Juma mrefu kuliko Asha, au anamzidi, au anampita, basi. Kanuni aliyoivunja Alisi kwetu haipo, sasa utaivunjia wapi? Ukiandika "ya ajabu zaidi na zaidi", maana imefika salama, lakini mtoto hajakosea kitu. Kichekesho kimebaki forodhani.

Na hata huko kwao kanuni hiyo si ya kale kama walimu walivyotuaminisha. Kiingereza cha kwanza kilitumia mkia tu. "More" ilikuja kusambaa baadaye, zikaishi zote mbili, na watu wakazipandanisha bila aibu. Katika Julius Caesar, mchezo ambao Nyerere aliuleta kwa Kiswahili mwaka 1963, Antony anapolizungumzia jeraha la Brutus anaweka "most" juu ya neno ambalo tayari lina "-est". Hapo si pa kucheka hata kidogo. Ni kilele cha uchungu wake. Ben Jonson, katika sarufi yake iliyochapwa 1640, alizisifu lulu za aina hiyo kuwa ni ufasaha unaofuata Wagiriki wa kale.

Halafu 1762 akaja Robert Lowth na kitabu chake cha sarufi, akazipiga marufuku. Hata "lesser", ambayo leo kila mtu anaitumia, aliiona ni uharibifu. Ila kuna mahali alilegeza kamba: "most Highest" ya Zaburi za zamani, kwa kuwa anayesemwa ni Mungu. Yaani Mungu aliruhusiwa kuzidishiwa mara mbili, wengine tukae foleni.

Mimi nilikaa kwenye foleni hiyo na daftari mkononi. Niliandika, "She is beautiful than her sister." Wino mwekundu ukapita. Wengi wenu mmeiandika sentensi hiyo au ndugu yake, maana wanaisimu wanaihesabu miongoni mwa alama za Kiingereza cha Afrika Mashariki. Wala haina kiza: "than" imepewa kazi ya "kuliko", na "kuliko" haihitaji msaidizi. Ukienda Nigeria, pijini yao inalinganisha kwa "pass", yaani kupita, kama sisi tunavyosema fulani kampita fulani. Ken Saro-Wiwa aliandika riwaya nzima, Sozaboy (1985), kwa lugha ambayo mwenyewe aliiita Kiingereza kibovu, na ikasomwa kama fasihi.

Kinachonikera ni lile neno la Carroll, kusahau. Mtu husahau kitu alichonacho. Utani wa "curiouser" unasimama kwa sababu msomaji ana hakika kwamba Alisi, mtoto wa nyumba nzuri, anajua kusema vizuri na kesho atasema vizuri. Darasani kwetu hakuna aliyeambiwa amesahau. Tuliambiwa hatujui.

Kwa hiyo mtafsiri asichague kosa kwa haraka. Wazo la kwanza linalokuja ni kuvunja upatanisho wa ngeli, kwa kuwa huko ndiko Mswahili anakopimwa: Alisi aseme "jambo ya ajabu". Mtu wa Unguja atacheka, sawa. Lakini Nairobi na sehemu nyingi za bara watu husema hivyo kila siku wakiwa na akili timamu, hawajashangazwa na keki yoyote. Mara Alisi si mtoto aliyeteleza tena, ni mbara anayechekwa. Aa, hapana. Nimeshachekwa vya kutosha.

Mimi ningekwenda kwenye mnyambuliko. Kiswahili kinapenda kurefusha kitenzi, na mtoto akinogewa huzidisha. Ningemwacha Alisi, kichwa kikigonga dari, apige kelele: "Inastaajabishishisha!" Si lahaja ya mtu yeyote, hakuna kijiji kitakachojiona kimesemwa, na neno linarefuka pamoja na shingo. Nimelisoma kwa sauti mara tatu hapa mezani na mara zote ulimi umekwama kwenye "shi" ya pili.

Mhariri ataliwekea mstari mwekundu, najua. Nitamwomba aliache.