Mwanga kama Sifo: Uhakiki wa Picha za Sura za Yousuf Karsh

Yousuf Karsh (1908–2002) aliamini kuwa kila mtu ana siri iliyofichika ndani yake, na kwamba kazi ya mpigapicha ni kuifichua. Sehemu hii inahakiki imani hiyo kwa kuchunguza matumizi yake ya mwanga. Hoja inayojengwa ni kwamba, katika picha zake mashuhuri, mwanga husifu zaidi ya unavyofichua. Unatekeleza dhima ya sifo, yaani utungo wa kumtukuza mtu.

Chimbuko la mtindo huu limo katika maisha yake. Karsh alizaliwa Mardin, katika Dola ya Uthmaniya, katika familia ya Kiarmenia iliyokimbilia Aleppo kuepuka mateso. Akiwa kijana alipelekwa Kanada kwa mjomba wake, George Nakash, aliyekuwa mpigapicha. Mjomba huyo alimpeleka Boston kujifunza kwa John Garo, fundi aliyetegemea mwanga wa jua. Mageuzi yalitokea Ottawa katika miaka ya 1930, Karsh alipojihusisha na kikundi cha tamthilia. Huko aliona jinsi taa za umeme zinavyoweza kumjenga mhusika jukwaani.

Athari ya jukwaa inadhihirika katika picha zake. Aghalabu usuli ni mweusi, taa za nyuma huchora ukingo wa kichwa na mabega, na mikono humulikwa kwa uangalifu sawa na uso. Kamera yake ya filamu kubwa hunasa kila kunyanzi.

Picha ya Winston Churchill ndiyo kielelezo bora. Ilipigwa tarehe 30 Desemba 1941 katika chumba cha Spika, Ottawa, baada ya Churchill kulihutubia Bunge la Kanada. Churchill alipokataa kuiweka kando sigara yake kubwa, Karsh alimsogelea na kuichomoa mdomoni. Hasira ya papo hapo ikasomwa kuwa ushupavu wa taifa zima vitani. Mwaka 2016 sura hiyo iliingia katika noti ya pauni 5 ya Uingereza. Ikumbukwe kwamba taa zilikuwa zimetegwa tangu usiku uliotangulia. Ukuu, basi, uliandaliwa kabla ya mtu mwenyewe kuingia. Aidha, ni kinaya kwamba aliyeonja ukatili wa dola ndiye aliyewapa watawala nyuso za kuaminika.

Hata hivyo, picha ya Pablo Casals ya mwaka 1954 inapinga kanuni hiyo. Mpiga selo huyo ameketi ndani ya abasia ya kale nchini Ufaransa, ameipa kamera mgongo, na mwanga unatoka katika dirisha dogo juu yake. Hakuna uso wa kutukuzwa. Upo upweke wa mtu na muziki wake.

Kwa hiyo, Karsh alikaribia zaidi lengo lake la kufichua siri pale alipoacha kuusifu uso.